Pumzi ya polepole au ya haraka? Ulinganisho wa mazoezi ya pranayama kwa anayetaka kuchagua

Anayeanza kutafuta mazoezi ya pumzi ya yoga hukutana na majina kabla ya kukutana na pumzi yenyewe: nadi shodhana, bhramari, kapalabhati, bhastrika, ujjayi, sheetali, na kila jina limeandamana na orodha ya maradhi ambayo inadaiwa huponywa nalo. Orodha hizo hufanana mno, kiasi kwamba hazimsaidii mtu kuchagua. Zoezi linalosifiwa kuwa linashusha presha, linaondoa pumu, linapunguza kitambi na kuleta usingizi halijamweleza mgonjwa wa presha kwa nini alishike hilo na kuliacha jingine. Katika makala haya nimeyapanga mazoezi hayo kwa kigezo cha kasi ya pumzi, na kwa kila moja nimeuliza maswali mawili: linaufanyia nini mwili, hasa moyo na mapafu, na linaifanyia nini akili. Majibu ya maswali hayo hayaendi sambamba, na tofauti iliyopo kati yake ndiyo inayomfaa mwenye kuchagua.

Pranayama ni neno la Kisanskriti: prana ni pumzi au nguvu ya uhai, na ayama ni kurefusha. Katika Yoga Sutra za Patanjali, maandishi ya kale ya msingi wa yoga, ni kiungo cha nne kati ya viungo vinane vya yoga, kikifuata mikao ya mwili. Hatha Yoga Pradipika, maandishi ya karne ya 15 yanayonasibishwa na Svatmarama, yanataja aina nane za kuzuia pumzi, kisha yanatoa onyo ambalo wauzaji wa kozi za siku mbili hulipita kimya: pumzi hufugwa kidogo kidogo, kama anavyofugwa simba, tembo au chui milia, na pumzi humwua anayekwenda nayo kwa pupa. Mistari inayofuata inaitaja pumu, kwikwi, kikohozi na maumivu ya kichwa, masikio na macho kuwa ni matokeo ya pranayama iliyofanywa vibaya. Pumu, basi, ambayo leo huwekwa kwenye kila tangazo miongoni mwa maradhi yanayoponywa, wazee wa fani hiyo waliiweka pia miongoni mwa madhara. Uchunguzi wa kisayansi ulianza baadaye sana, na moja ya vituo vya mwanzo ni Kaivalyadhama, kilichoanzishwa na Swami Kuvalayananda mjini Lonavla, India, mwaka 1924.

Pumzi sita kwa dakika

Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Anapovuta pumzi, moyo huongeza mwendo kidogo. Anapoitoa, moyo hupunguza mwendo. Anayetaka kulihakikisha hili aweke vidole viwili kwenye mshipa wa kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, kisha atoe pumzi taratibu sana, naye huenda akasikia mapigo yakiachana zaidi kadiri pumzi inavyokwisha. Kazi hiyo ya kuupoza moyo hufanywa na neva ya vagasi, inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi kifuani na tumboni. Shinikizo la damu nalo lina mawimbi yake ya asili yanayojirudia takribani kila sekunde 10, na vipokezi vilivyomo katika kuta za mishipa mikubwa ya shingo na kifua huyapima mawimbi hayo ili moyo ujirekebishe. Pumzi ikishushwa hadi sita kwa dakika, kila moja huchukua sekunde 10, mawimbi ya pumzi hukutana na mawimbi ya shinikizo, na vipokezi hivyo huwa vyepesi zaidi katika kazi yake.

Jambo hilo lilionekana waziwazi katika utafiti wa Luciano Bernardi na wenzake uliochapishwa na jarida la BMJ mwaka 2001. Watu 23 wenye afya walisali rozari kwa Kilatini, na wakakariri pia mantra (maneno ya ibada yanayorudiwa rudiwa) ya Kibudha, om mani padme hum, na vyote viwili viliishusha pumzi hadi karibu sita kwa dakika na kuviongezea wepesi vipokezi vya shinikizo. Mkatoliki aliyewahi kukaa katika jumuiya ndogo ndogo ya mtaani anaujua mdundo huo bila kufundishwa na mwalimu wa yoga: kiongozi anasema "Salamu Maria, umejaa neema" hadi mwisho wa nusu yake, wengine wanasikiliza na kuvuta pumzi, kisha wanaitikia "Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu" kwa pumzi moja inayotoka, na hivyo hivyo hadi kumi likwishe.

Mwaka 2005, katika utafiti mwingine uliochapishwa na jarida la Hypertension, wagonjwa wa presha walipumua mara sita kwa dakika, na shinikizo lao la juu likashuka kutoka karibu 150 hadi karibu 141, na la chini kutoka karibu 83 hadi karibu 78. Upungufu huo si mdogo, lakini msomaji asiuchukulie zaidi ya ulivyo. Ulipimwa wakati watu wakiwa wanapumua polepole, na kushusha presha ukiwa umekaa na mashine mkononi ni jambo moja, kuishusha kwa saa 24 za siku ya kazi, foleni na bili ni jambo jingine.

Upande wa akili habari inageuka. Mwaka 2023 watafiti wa Uingereza waliwagawa watu 400 katika makundi mawili: la kwanza lilipumua mara tano na nusu kwa dakika, la pili mara 12 kwa dakika, mwendo ambao ni wa kawaida tu, na kila kundi lilifanya hivyo dakika 10 kila siku kwa wiki nne. Makundi yote mawili yalipata nafuu ya msongo wa mawazo na wasiwasi, wala lile la polepole halikulishinda jingine kwa kiasi cha kuhesabika. Ninaupa uzito utafiti huu kuliko mingi inayosifia pranayama, kwa sababu ulithubutu kulilinganisha zoezi na zoezi bandia la kupumua badala ya kulilinganisha na kukaa bure. Maana yake, kwa jinsi ninavyouelewa, ni kwamba kasi ya sita kwa dakika inajulikana zaidi kwa yale inayoyafanya kwenye moyo na mishipa, ilhali utulivu wa akili huenda unatokana kwa sehemu kubwa na kitendo chenyewe cha kukaa mahali pamoja kwa dakika 10, simu ikiwa mbali, na kuifuatilia pumzi yoyote ile. Asiyeweza kupumua polepole bila kubanwa kifua asidhani basi kwamba mlango umefungwa kwake.

Ujjayi, ile pumzi inayobanwa kidogo kooni hadi itoe sauti kama ya mawimbi yanayorudi baharini, mara nyingi hufundishwa pamoja na pumzi ya polepole kana kwamba ni kiungo cha lazima. Utafiti mdogo wa mwaka 2013 uliofanywa kwa watu wasio wazoefu wa yoga ulionyesha kwamba pumzi ya polepole bila ujjayi iliviongezea wepesi vipokezi vya shinikizo kuliko pumzi ya polepole yenye ujjayi. Kubana koo ni juhudi, na juhudi hula sehemu ya faida. Mwanafunzi mpya aiache kwanza.

Tundu moja baada ya jingine

Nadi shodhana, ambayo Wahindi wengi huijua kwa jina la anulom vilom, ni kupumua kwa kupokezana tundu za pua. Mkono wa kulia unainuliwa, kidole cha shahada na cha kati vinakunjwa hadi viguse kiganja, kidole gumba kinafunga tundu la kulia na kidole cha pete kinasubiri upande wa kushoto. Mtu anavuta pumzi kwa tundu la kushoto, analifunga, anatoa kwa la kulia, anavuta kwa hilo hilo la kulia, analifunga, anatoa kwa la kushoto, na hapo mzunguko mmoja umekamilika. Kiwiko kisining'inie hewani kwa juhudi, kwani baada ya dakika tatu bega litachoka na akili yote itahamia begani. Ni afadhali kuegemeza mkono kifuani.

Wafuasi wake husema kwamba tundu la kulia huamsha mwili na la kushoto huupoza. Ni kweli kwamba pua hupokezana kwa asili, tundu moja likiwa wazi zaidi kwa saa kadhaa kisha jingine, na ni kweli kwamba watafiti wameona tofauti ndogo kati ya kupumua kwa upande mmoja na mwingine. Hata hivyo, anayekusudia kuchagua kati ya nadi shodhana na pumzi sita za kawaida ajue kwamba faida iliyopimwa kwa nadi shodhana, yaani kushuka kidogo kwa mapigo ya moyo na shinikizo, inafanana sana na ile ya pumzi yoyote ya polepole, na haijabainika wazi ni kiasi gani kinatokana na kupokezana tundu zenyewe.

Kwa nini basi mtu aichague? Kwa sababu ya vidole. Mtu mwenye wasiwasi akiambiwa akae akaihesabu pumzi yake, hesabu hupotea katika pumzi ya tano, na mawazo ya deni au ya mtoto aliye shuleni huingia. Akipewa kazi ya kufungua na kufunga tundu kwa utaratibu usiosameheka, akili hubaki na jambo la kufanya. Kwa watu wa namna hiyo, nami ni mmoja wao, nadi shodhana hudumu pale ambapo kuhesabu tupu hushindikana. Kasoro zake ni za kawaida: mwenye mafua hawezi, mwenye ukuta wa pua uliopinda hupata taabu upande mmoja, na haifanyiki ofisini wala ndani ya daladala bila jirani kukutazama.

Mvumo wa nyuki

Bhramari limetokana na jina la nyuki mkubwa mweusi. Mtu huvuta pumzi kwa pua, kisha huitoa kwa pua midomo ikiwa imefungwa huku akivuma kama nyuki, meno yakiachana kidogo ndani ya midomo ili mtetemo usambae usoni. Baadhi ya walimu humtaka mwanafunzi azibe masikio kwa vidole gumba, na hapo mvumo hujaa kichwani hata ukafunika kelele za nje. Anayeishi karibu na baa au barabara kuu atalithamini hilo.

Kati ya mazoezi yote ya polepole, hili ndilo lenye ziada inayoelezeka kwa kemia. Eddie Weitzberg na Jon Lundberg wa Taasisi ya Karolinska, Uswidi, waliripoti mwaka 2002 kwamba kuvuma huongeza oksidi ya nitriki inayotoka puani mara 15 ikilinganishwa na kutoa pumzi kimya. Gesi hiyo hutengenezwa kwenye mapango ya mifupa ya uso yanayozunguka pua, hupanua mishipa ya damu na hupambana na vijidudu, na mtetemo wa sauti ndio unaoisukuma itoke mapangoni. Kutoka hapo hadi kudai kwamba bhramari inatibu uvimbe sugu wa mapango hayo ni kuruka hatua nyingi, nami siwezi kuruka pamoja na wanaodai hivyo. Lakini ukiacha gesi, mvumo una faida nyepesi isiyohitaji maabara: huwezi kuvuma bila kurefusha pumzi inayotoka, wala huhitaji kuhesabu, kwa kuwa sauti ikikatika unajua pumzi imekwisha. Kwa mtoto, kwa mzee asiyependa hesabu na kwa anayekosa usingizi, ningelianza na hili kabla ya nadi shodhana.

Mivukuto ya mhunzi

Sasa tugeukie upande wa pili wa mizani. Bhastrika maana yake ni mvukuto, ule wa mhunzi: pumzi huingia na kutoka kwa nguvu na kwa haraka, kifua na tumbo vikifanya kazi pamoja. Kapalabhati, yaani kile kinachong'arisha paji la uso, hutofautiana nayo kwa kuwa nguvu iko kwenye kutoa tu. Tumbo linasukumwa ndani kwa mapigo mafupi, pumzi inaruka nje kupitia puani, na kuvuta hujitendea kwenyewe. Wazoefu hufika mapigo 60 hadi 120 kwa dakika. Katika Hatha Yoga Pradipika kapalabhati haimo hata katika zile aina nane za pranayama. Imewekwa pamoja na taratibu sita za kuusafisha mwili. Umaarufu wake wa siku hizi umechangiwa sana na vipindi vya televisheni vya mwalimu wa yoga Baba Ramdev, ambavyo viliwafanya maelfu ya watu nchini India waifanye asubuhi mbele ya skrini kana kwamba ni mazoezi ya kunyoosha viungo.

Dai linalorudiwa kuliko yote ni kwamba pumzi ya haraka huingiza oksijeni nyingi mwilini. Dai hilo halisimami. Damu ya mtu mwenye mapafu mazima, akiwa amekaa tu, tayari imebeba oksijeni kwa asilimia 95 au zaidi ya uwezo wake, hivyo nafasi ya kuongeza ni ndogo mno. Kinachobadilika ni hewa ya ukaa, ambayo hupungua kwenye damu kadiri mtu anavyohema kuzidi mahitaji ya mwili. Mishipa ya ubongo hubana, kichwa huwa chepesi, na midomo na vidole hupata ganzi. Wengi huisoma hali hiyo kama "nishati inayopanda". Nilipohudhuria darasa langu la kwanza, miaka mingi iliyopita, mwalimu alituanzisha moja kwa moja na mapigo mia ya kapalabhati na kufuatisha na bhastrika, nami nikiwa nimetoka kula chapati mbili. Katika raundi ya tatu vidole vya mikono yote miwili vilijikunja vyenyewe kuelekea kiganjani na sikuweza kuvinyoosha kwa dakika nzima. Mwalimu alinipongeza, akasema ni ishara ya kufunguka. Ilikuwa ni ishara ya hewa ya ukaa kushuka, na chapati nazo zilikuwa njiani kurudi.

Haina maana kwamba mazoezi haya hayana kazi. Anayeamka mzito, asiye na ugonjwa wa moyo, anayetaka kuchangamka kabla ya kazi bila kikombe cha pili cha kahawa, atapata mchangamko wa kweli, kwa kuwa kupumua kwa kasi huamsha upande wa neva unaohusika na hamaki na hutia adrenalini kwenye damu. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2014, ukihusu njia ya Mholanzi Wim Hof, ya pumzi na kuvumilia baridi, ambayo imeazima sehemu yake kutoka mazoezi ya namna hii, ulionyesha hivyo: waliofundishwa walipanda adrenalini na wakapata dalili chache za homa walipodungwa sumu ya bakteria chini ya uangalizi wa madaktari. Misuli ya tumbo nayo hupata kazi. Lakini mtu huyo huyo akiwa na wasiwasi unaompandisha moyo usiku, zoezi hili linamwongezea kile kile anachokikimbia.

Wanaopaswa kuliacha kabisa ni wengi kuliko madarasa yanavyokiri: mwenye presha ya kupanda, mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye presha ya macho, mwenye henia, mjamzito, na aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo karibuni. Mwenye kifafa azingatie kwamba madaktari wanapopima mawimbi ya ubongo humwagiza mgonjwa ahemehe kwa makusudi, kwa kuwa kuhema huko kunaweza kuuchokoza ugonjwa ujionyeshe mbele ya mashine. Mwaka 2004 jarida la Chest liliripoti habari ya mwanamke wa miaka 29 aliyepatwa na hewa iliyovuja nje ya pafu baada ya kapalabhati. Tukio la namna hiyo ni nadra, lakini lilitokea kwa kijana. Na kwa wakazi wa pwani lipo onyo jingine: asifanye yeyote pumzi za haraka kabla ya kuzamia. Hewa ya ukaa ndiyo inayompa mzamiaji hamu ya kurudi juu kuvuta pumzi, na aliyeipunguza kwa kuhema anaweza kupoteza fahamu chini ya maji kabla hamu hiyo haijamjia.

Sheetali, ya kuvuta hewa kupitia ulimi uliokunjwa kama mrija, inahitaji maneno machache. Huburudisha mdomo kwenye joto, wasioweza kuukunja ulimi huvuta hewa kati ya meno, na kwa anayeishi penye vumbi au moshi ni afadhali aiache, kwa sababu inaipita pua ambayo ndiyo chujio.

Ugonjwa kwa ugonjwa

Mwenye presha achague pumzi sita kwa dakika, au bhramari kama kuhesabu kunamchosha, na asizuie pumzi katikati hata kidogo, kwa kuwa kuizuia kunaweza kuipandisha presha. Aendelee na dawa zake kama alivyoandikiwa. Namba zikishuka kwenye mashine ya nyumbani, mwenye kupunguza vidonge ni daktari.

Mwenye pumu yuko mahali pagumu zaidi. Mapitio ya mwaka 2016 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopitia tafiti za tiba, kuhusu yoga na pumu yalikusanya majaribio 15 yenye watu zaidi ya elfu moja, na yakaona kwamba huenda yoga inaboresha kidogo maisha ya mgonjwa na dalili zake. Jaribio moja la Uingereza, lililochapishwa na jarida la Thorax mwaka 2003, ndilo linalofaa hasa kwa ulinganisho, kwa kuwa liliwagawa wagonjwa 90 katika makundi matatu: waliofundishwa njia ya Buteyko, ambayo si ya yoga na hufundisha kupumua kidogo na kwa pua, waliopewa kifaa kinachoiga pranayama kwa kulazimisha kutoa kuwe kirefu mara mbili ya kuvuta, na waliopewa kifaa bandia. Kundi la Buteyko lilipunguza dalili na matumizi ya dawa ya kupanua njia za hewa, la kifaa cha pranayama halikutofautiana na la bandia, na uwezo wa mapafu wenyewe haukubadilika katika kundi lolote. Kwa hiyo mgonjwa wa pumu anayetaka zoezi la pumzi apime kwanza Buteyko, kisha pranayama ya polepole, aepuke ya mivukuto, na inhela isitoke mfukoni.

Kwa wasiwasi wa ghafla, ule unaokuja kabla ya mahojiano ya kazi au usiku wa manane, hata kati ya mazoezi yaliyotangulia sina la kulitanguliza mbele ya kushusha pumzi kwa makusudi: kuvuta pumzi kwa pua, kuongeza mvuto mdogo wa pili juu ya ule wa kwanza, kisha kutoa taratibu kwa mdomo. Watafiti wa Stanford walililinganisha zoezi hilo mwaka 2023 na kupumua kwa hatua nne zilizo sawa, na kupumua kwa haraka, na kutafakari kimya, dakika tano kila siku kwa mwezi mmoja. Wasiwasi ulipungua katika makundi yote, lakini waliofanya zoezi la kushusha pumzi waliongeza zaidi hisia njema, kama furaha na utulivu. Zoezi hilo halina jina la Kisanskriti, halina ada, na mtu huweza kulifanya akiwa kwenye foleni ya benki.

Sonona ni jambo zito na isichanganywe na huzuni ya wiki moja. Sudarshan Kriya, mfululizo wa pumzi za polepole, za kati na za haraka unaofundishwa na shirika la mwalimu wa kiroho wa India, Ravi Shankar, ulijaribiwa katika taasisi ya afya ya akili ya NIMHANS, Bangalore, India, na matokeo yakachapishwa mwaka 2000. Wagonjwa 45 waliolazwa kwa sonona kali waligawanywa katika makundi matatu, na baada ya wiki nne nafuu kamili ilipatikana kwa asilimia 93 ya waliotibiwa kwa mshtuko wa umeme, asilimia 73 ya waliotumia dawa ya imipramine, na asilimia 67 ya waliofanya kriya. Wanaotangaza kozi hiyo hupenda kusema kwamba ilikaribiana na dawa, nao hawasemi uongo, ila wanasahau kutaja kwamba kila kundi lilikuwa na watu 15 tu, wakiwa wodini, chini ya macho ya madaktari wa akili. Mwenye sonona alifanye kama nyongeza ya tiba, kwa ruhusa ya anayemtibu.

Swali la imani

Mwislamu au Mkristo anaweza kusita, na kusita kwake kusidharauliwe, kwa kuwa pranayama ilizaliwa ndani ya dini na falsafa za India. Mwaka 2008 baraza la fatwa la Malaysia liliwakataza Waislamu yoga yenye kuchanganya mikao, ibada na kukariri mantra, na waziri mkuu wa nchi hiyo akafafanua kwamba mazoezi ya mwili yasiyo na mantra yanaruhusiwa. Mgawanyo huo unafaa pia kwa mwenye kuchagua kati ya madarasa. Pumzi sita kwa dakika, kushusha pumzi na mvumo wa midomo iliyofungwa vinafanyika bila neno lolote la ibada. Sudarshan Kriya na madarasa yanayofunguliwa kwa kukariri om vina maneno ndani yake, na mwenye kuulizwa na dhamiri yake anajua wapi pa kusimama. Utafiti wa rozari umeshaonyesha kwamba vipokezi vya shingoni havibagui lugha.

Kuanza

Kipimo cha kuanzia ni kuvuta kwa sekunde nne na kutoa kwa sekunde sita, kwa pua, tumbo likiwa wazi na mkanda umelegezwa, dakika tano wiki ya kwanza na 10 baadaye. Asiyezoea ataona njaa ya hewa kufikia dakika ya pili. Ashuke hadi tatu na nne, asishindane. Wakati mzuri ni kabla ya kula. Anayetumia mashine ya presha apime akiwa amekaa dakika tano kwanza bila zoezi, siku zile zile na saa zile zile, aandike namba kwenye daftari, kwa sababu ukipima mara tu baada ya pumzi za polepole utaandika mafanikio kila siku, hata siku ambazo presha itarudi juu nusu saa baadaye.

Anayetaka mwalimu aketi nyuma siku ya kwanza na asikilize anachoulizwa kabla ya pumzi ya kwanza. Mwalimu anayefaa atataka kujua nani ana presha, kifafa, pumu au ujauzito, nani amekula muda si mrefu, na atawaambia hao nini cha kufanya wenzao watakapofika kwenye mivukuto. Kama darasa limefika kapalabhati na hakuna aliyeulizwa kitu, kunja mkeka wako taratibu na utoke.